Mchezo wa mtoto ukae wapi ndani ya kompyuta ya nyumba?

Mchezo wa kompyuta unapoingia nyumbani, wazazi wengi huuliza swali moja tu: una nini ndani yake? Ni swali la lazima, na hatukusudii kulipunguzia uzito. Lakini lipo swali la pili ambalo aghalabu huachiwa mtoto alijibu peke yake: mchezo huo usakinishwe wapi, yaani uwekwe katika sehemu gani ya kompyuta? Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la mafundi. Sisi tunaona kwamba ni jambo la familia, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama mtoto ataweza kucheza bila kuushika ufunguo wa nyumba nzima.

Katika familia zetu nyingi kompyuta ni moja. Humo zimo hesabu za duka la baba, barua za kazi za mama, picha za harusi ya dada, masomo ya madrasa na vyeti vya shule. Mtoto anapoomba nenosiri la mzazi "mara moja tu, mchezo umekataa", anaomba kitu kikubwa kuliko anavyojua. Na mzazi anayelitoa ili apate utulivu hajui ametoa nini. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ombi hilo, mara nyingi, halina haja ya kuwapo. Chanzo chake ni mchezo uliowekwa mahali pasipoufaa.

Michezo inayobadilishwa

Michezo tunayoizungumzia ni ile ambayo mchezaji anaruhusiwa, au anaweza, kuiongezea vitu baada ya kuinunua. Nyongeza hizo vijana huziita modi. Mfano mzuri ni Euro Truck Simulator 2, mchezo wa kuendesha malori uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki. Mchezaji husafirisha mizigo kati ya miji ya Ulaya, lakini wapenzi wake wamekwisha kuuongezea malori mapya, mabasi, na ramani za nchi ambazo kampuni haikuzigusa. Mfano mwingine ni Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali ya mraba uliokamilika mwaka 2011, ambao toleo lake la Java limefunguliwa na modi za kila aina, kuanzia wanyama wapya hadi mitambo. Na wako vijana wengi ambao bado wanaufungua GTA San Andreas wa mwaka 2005, mchezo ambao tutaurudia hapa chini kwa sababu nyingine.

Faida ya modi haikataliki. Kijana anayejifunza kuzipanga hujifunza faili ni nini, folda ni nini, na kitu kimoja kinategemeaje kingine. Baadhi ya watengenezaji programu wa leo walianzia hapo. Lakini modi ina sharti moja: ili ifanye kazi, ni lazima faili ziongezwe au zibadilishwe ndani ya folda ya mchezo wenyewe, au katika folda nyingine ambayo mchezo umeitenga kwa kazi hiyo. Hapo ndipo mchezo hugongana na mfumo endeshi.

Kompyuta iliyojifunza kubisha hodi

Zamani mgongano huo haukuwapo. Katika Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001, karibu kila mtu nyumbani alitumia akaunti ya msimamizi, yaani akaunti yenye mamlaka yote. Programu yoyote iliweza kuandika popote. Michezo ya wakati ule ilitengenezwa kwa kuzingatia hali hiyo: ilijiweka ndani ya folda iitwayo Program Files, na humo humo ikaandika mipangilio yake na kupokea nyongeza. Tatizo ni kwamba virusi navyo vilikuwa na uhuru huo huo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, kwa mgeni na kwa mwizi.

Mambo yalibadilika na Windows Vista, uliowafikia wanunuzi wa kawaida tarehe 30 Januari 2007. Tangu hapo, hata mwenye akaunti ya msimamizi programu zake huendeshwa kwa mamlaka ya kawaida, na programu inayotaka kugusa sehemu nyeti hulazimika kuomba idhini. Skrini hufifia, kisanduku hutokea, na mtumiaji huulizwa kama amekubali. Mwenye akaunti ya kawaida huulizwa nenosiri la msimamizi. Windows 7, 8, 10 na 11 zimeuendeleza utaratibu huo, na Program Files ni miongoni mwa sehemu zinazolindwa nao.

Kwa Mwislamu jambo hili si geni. Adabu ya kuomba idhini kabla ya kuingia imefundishwa katika Suratun-Nur, na hata watoto wa nyumbani wamewekewa humo nyakati tatu za kubisha. Anayebisha hodi hatukani mtu, wala mwenye nyumba anayeuliza "nani?" si mchoyo. Kwa hiyo tusikichukie kile kisanduku kinachouliza. Kinafanya kazi ya bawabu, na bawabu ni wa kuheshimiwa.

Taabu huanza pale mchezo wenye modi unapowekwa ndani ya sehemu hiyo yenye bawabu. Kila nyongeza hudai idhini. Mtoto mwenye akaunti ya kawaida hawezi kunakili faili moja bila kumwita mzazi. Na iko taabu nyingine iliyojificha zaidi. Ili programu za zamani zisivunjike, Windows huzifanyia upole: programu ya kale inapojaribu kuandika ndani ya Program Files, mfumo hauikatalii waziwazi, bali huipeleka faili hiyo kimyakimya katika folda iitwayo VirtualStore, iliyomo ndani ya sehemu binafsi ya yule aliyeingia. Matokeo yake ni mkanganyiko. Kaka mtu anaweka modi na kuiona, dada yake akiingia kwa akaunti yake haioni. Chombo cha kupanga modi kinasema kazi imekamilika, lakini ukiifungua folda ya mchezo huoni kilichoongezwa. Mchezo unafutwa na kuwekwa upya, na mabaki ya zamani yanazuka tena. Vijana hukesha wakilaumu modi, ilhali kosa ni la mahali.

Njia mbili za mkato, na hatari yake

Anayetafuta dawa ya taabu hiyo hukutana upesi na ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni kuzima kabisa utaratibu wa kuomba idhini. Wa pili ni kuuendesha mchezo, au chombo cha modi, kwa mamlaka ya msimamizi kila siku. Yote mawili huondoa usumbufu, na yote mawili hayafai katika kompyuta ya familia.

Sababu ni kwamba modi nyingi si picha wala sauti tu. Nyingine ni programu kamili. Modi za Minecraft ya Java ni programu. Modi nyingi za San Andreas huja zikiwa na faili zinazotekelezwa pamoja na mchezo. Ukiupa mchezo mamlaka ya msimamizi, umezipa mamlaka hayo hayo modi zote zilizomo, pamoja na watu walioziandika, ambao huwajui kwa jina wala kwa sura.

Wala hatusemi haya kwa kutisha. Mwezi Juni 2023 iligunduliwa kwamba modi kadhaa za Minecraft zilizokuwa zikipakuliwa kutoka CurseForge, mojawapo ya hazina kubwa na zinazoaminika, zilikuwa zimetiwa programu hasidi iliyopewa jina la fractureiser. Ilikuwa ikiiba taarifa za kuingilia akaunti zilizohifadhiwa katika kompyuta, na kujipenyeza katika faili nyingine za aina ile ile. Waliopatwa hawakuwa wamekwenda vichochoroni, bali walikuwa sokoni, mchana kweupe. Basi ikiwa sokoni pana hatari, itakuwaje kwa kijana anayepakua modi kutoka kila kiungo alichotumiwa?

Mahali panapofaa

Dawa yenyewe ni nyepesi. Usimwondoe bawabu: uhamishe mchezo. Tengeneza folda mpya moja kwa moja juu ya diski ya C, nje ya Program Files, na uipe jina fupi, kwa mfano C:\Michezo. Ikiwa kompyuta ina diski ya pili ya ndani, D:\Michezo ni bora zaidi, kwa kuwa diski ya mfumo haitajaa. Folda ya namna hiyo, kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, huandikika na kila mwenye akaunti katika kompyuta hiyo. Mzazi ataandika nenosiri lake mara moja siku ya kusakinisha. Kuanzia hapo mtoto ataweka na kuondoa modi bila kulihitaji tena.

Jina fupi lina hekima yake. Programu nyingi, hasa za zamani, hazikubali anwani ya faili inayozidi herufi 260 kwa jumla, na folda za modi huwa na tabia ya kuwa ndani ya folda ndani ya folda. Ukianza na anwani ndefu, utaishiwa na nafasi katikati ya njia.

Wakati wa kusakinisha, usibofye "endelea" mfululizo. Aghalabu kuna hatua inayouliza mchezo uwekwe wapi, nayo huwa imekwisha kujazwa Program Files. Hapo ndipo pa kubadilisha. Kwa mchezo wa zamani ambao tayari umo mahali pasipofaa, ni salama zaidi kuuondoa na kuusakinisha upya kuliko kuiburuta folda yake, kwa kuwa michezo mingi hukariri anwani yake ya kwanza. Kabla ya kuuondoa, nakili faili za maendeleo ya mchezaji. Za San Andreas, kwa mfano, hukaa katika Documents, ndani ya folda iitwayo GTA San Andreas User Files.

Kwa michezo inayonunuliwa kupitia Steam, programu hiyo hujiweka yenyewe ndani ya Program Files (x86), na michezo hufuata nyuma yake. Anayeanza leo aichagulie Steam folda nyingine tangu mwanzo. Aliyekwisha kuanza, na ana diski ya pili, anaweza kufungua mipangilio ya hifadhi ndani ya Steam, akaongeza maktaba katika diski hiyo, kisha akahamisha mchezo mmoja mmoja bila kuupakua upya. Kwa mwenye kifurushi cha intaneti kinachohesabiwa, hilo la mwisho si dogo.

Michezo ya duka la Microsoft ina hali yake. Kwa muda mrefu ilifungiwa katika folda iliyofichwa, WindowsApps, ambayo hata msimamizi haruhusiwi kuigusa kirahisi. Siku hizi michezo mingi inayosakinishwa kwa programu ya Xbox huwekwa katika folda iitwayo XboxGames, iliyo wazi zaidi, ingawa si kila mchezo unaokubali kubadilishwa. Anayetaka mchezo kwa ajili ya modi aulize kwanza, kabla ya kulipa, kama toleo la duka hilo linazipokea.

Minecraft ya Java haina shida ya Program Files, kwa kuwa huweka vitu vyake katika folda iitwayo .minecraft, ndani ya sehemu binafsi ya kila mtumiaji. Kila mtoto basi ana yake. Na mtoto mmoja akitaka mipangilio miwili, wenye modi na usio na modi, programu ya kuufungulia mchezo humruhusu kuichagulia kila mipangilio folda yake. Tunashauri afanye hivyo, ili jaribio la leo lisiharibu jengo la miezi sita.

Pasipofaa, hata kama ni rahisi

Wako wanaoukimbia mlango wa Program Files wakaangukia Desktop au Documents. Huko nako kuna jambo la kuangalia. Katika kompyuta nyingi mpya za Windows 11, folda hizo mbili na ile ya picha huunganishwa na OneDrive, huduma ya kuhifadhi nakala katika mtandao. Nafasi ya bure katika huduma hiyo ni GB 5. Mchezo wa leo peke yake waweza kuzidi mara kumi ya hapo. Hivyo kompyuta huanza kupandisha faili za mchezo usiku na mchana, kifurushi cha intaneti kinakwisha kabla ya wiki, na nafasi iliyokusudiwa barua na vyeti inajazwa na malori.

Euro Truck Simulator 2 unahitaji uangalizi hapo, kwa kuwa folda yake ya modi imo ndani ya Documents, hata mchezo wenyewe ukiwa C:\Michezo. Anayeutumia aingie katika mipangilio ya OneDrive, katika akaunti ya mtoto, azime uhifadhi wa Documents. Katika akaunti ya mzazi uhifadhi huo uachwe, kwani una faida kubwa. Na ikiwa mzazi amewasha ulinzi wa folda dhidi ya programu za kuteka faili, ulioingia Windows 10 mwaka 2017, asishangae mchezo ukishindwa kuandika katika Documents. Haina haja ya kuuzima ulinzi huo: auruhusu mchezo huo mmoja kwa jina lake.

Flashi nayo si mahali pa mchezo. Ni ya polepole, herufi yake hubadilika ikichomekwa kwingine, na zile zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32 hazipokei faili moja inayofikia GB 4.

Folda si ukuta

Tungekuwa hatukutimiza amana kama tungeishia hapo. Kuhamisha mchezo kunaondoa haja ya kutoa nenosiri, lakini hakuifanyi modi mbaya kuwa njema. Programu hasidi ikifunguliwa na mtoto aliyeingia kwa akaunti ya baba, inaweza kusoma kila ambacho baba anaweza kusoma, hata kama mchezo upo D:\Michezo. Kwa hiyo folda njema iende pamoja na akaunti njema: mzazi awe na ya msimamizi yenye nenosiri, kila mtoto awe na yake ya kawaida. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayozitenga hesabu za duka na modi za malori. Mwenye Windows 10 naye akumbuke kwamba Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mlango usiotengenezwa hulegea.

Jingine ni maudhui. Mchezo ulioukagua dukani waweza usiwe mchezo unaochezwa chumbani. Mwaka 2005 ilitoka modi moja ya San Andreas iliyofungua sehemu ya aibu ambayo watengenezaji walikuwa wameificha ndani ya mchezo. Bodi ya Marekani ya kupanga madaraja ya umri, ESRB, ilibadilisha daraja la mchezo huo mwezi Julai mwaka huo, kutoka wa miaka 17 na zaidi hadi wa watu wazima peke yao. Hata kabla ya hapo haukuwa mchezo wa kumpa mtoto. Fundisho kwa mzazi ni kwamba alama ya umri inahusu mchezo kama ulivyouzwa, si kama ulivyobadilishwa. Hapa folda moja inayojulikana ina faida nyingine: mzazi anajua pa kutazama. Anaweza kukaa na mwanawe, wakaifungua C:\Michezo pamoja, akauliza hii ni nini na imetoka wapi. Si upelelezi. Ni uchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokabidhiwa.

La tatu ni uhalali wa mali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia, na kwamba haifai kuzivamia. Mchezo uliovunjwa kufuli ni wa mtu. Isitoshe, ndio njia iliyozoeleka ya kupitishia virusi, na wanaousambaza ndio hao hao wanaokuelekeza kuzima ulinzi wa kompyuta kabla ya kuusakinisha. Iko michezo ya bei nafuu wakati wa punguzo, na iko ya bure kwa haki.

Mapatano ya nyumba

Tunapendekeza familia ikae mara moja, ikubaliane mambo manne. Michezo yote ikae katika folda moja yenye jina linalojulikana. Mzazi ndiye asakinishe, mtoto ndiye aipambe. Kabla ya modi ya kwanza, folda ya mchezo safi inakiliwe pembeni, ili ikiharibika irudishwe bila kupakua upya. Na modi yoyote inayodai kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, au kuzimwa kwa ulinzi, isiwekwe mpaka mzazi ameuliza mjuzi.

Mtoto atakayelelewa hivyo atakuwa amejifunza kwamba uhuru una eneo lake, na kwamba ndani ya eneo hilo anaaminiwa. Atakuwa pia amejifunza kwamba anayeuomba ufunguo wa nyumba lazima aeleze sababu. Siku atakapokuwa yeye ndiye msimamizi wa kompyuta ya ofisi, ya hospitali au ya benki, adabu hiyo ya kubisha hodi itakuwa imekwisha kumkaa. Allah atuwafikishe katika malezi yao, na atujaalie tuwe wachunga wema wa alichotukabidhi. Amin.